Kumi na Tatu kwa Ishirini

Nilimpa binti yangu alama kumi na tatu kwa ishirini. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuwa mwanafunzi wangu. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Alikuwa ameniandikia hadithi ya kurasa nne kwa mkono, akachora ua kwenye jalada, akaifunga kwa utepe aliouchomoa kwenye boksi la keki. Nikamshukuru, nikambusu kwenye paji la uso, nikaketi mezani, kisha nikaenda kutafuta kalamu nyekundu.

Naomba nieleweke: sikuwa na nia mbaya. Niliona ndiyo heshima yenyewe. Kule nilikofundisha, mwalimu akikujazia wekundu ukurasa mzima ujue anakupenda. Asiyekupenda anapiga tiki moja chini na kupita zake. Basi nikazungushia maneno, nikapiga mistari, nikaweka alama za kuuliza pembeni. Hadithi ilikuwa ya Kiingereza, lakini masahihisho niliyaandika kwa Kiswahili fasaha: "Kisa kizuri. Dhamira haijajitokeza. Wahusika hawajakuzwa. Jitahidi." Nikaandika 13/20, nikaizungushia mara mbili kwa furaha.

Mke wangu, aliyekuwa anakata keki, aliutazama ule ukurasa, akanitazama mimi. "Baba wee, umesahihisha zawadi?"

"Nimemwinua," nikasema. "Hadithi ya kwanza, kumi na tatu! Kuna watu nimewafundisha miaka minne hawakuiona kumi na tatu."

Binti akazikusanya karatasi zake, akasema asante kwa adabu kabisa, akaenda chumbani. Tangu siku hiyo sijaonyeshwa hata sentensi moja. Sasa ana miaka kumi na sita na anaandika kila siku. Najua kwa sababu nasikia kucha zake kwenye kioo cha simu. Huwasomea rafiki zake. Humsomea mama yake jikoni, na mimi nikiingia wanaanza kuzungumza habari za vitunguu. Niseme wazi: kwa miaka mitano sikutaka kitu kama nilivyotaka mtoto huyu anisomee tena. Yote nitakayoyasimulia niliyafanya kwa ajili hiyo, na mengi yalikuwa upuuzi.

(Maneno yake nimeyatia Kiswahili mimi. Nyumbani kwetu mimi namsemesha kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuomba mkalimani.)

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na miwili, katika sekondari moja nje kidogo ya Tanga mjini. Watu waliniita msomi, nami sikuwakatalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma vitabu sita. Riwaya mbili, tamthiliya mbili, diwani mbili: ndivyo vilivyokuwa kwenye mtihani. Kila mwaka nilivisoma upya, kwa hiyo ukihesabu kwa namna fulani nimesoma vitabu sabini na viwili, na hivyo ndivyo nilivyohesabu. Somo la kwanza la kila kitabu lilikuwa muhtasari: nani anakufa, nani anaolewa, nani anafungwa. Baada ya hapo tunaorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Kitabu chenyewe tulikifungua mwishoni, kama muda ulibaki, ili tupate mifano. Wanafunzi wangu walifaulu sana. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyesoma kitabu tangu wakati huo.

London ilinipokea na usomi wangu na kunisimamisha kwenye mageti ya tiketi pale stesheni ya Stratford, ndani ya koti la rangi ya chungwa linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Karibu na mageti kuna rafu ya vitabu vya bure. Abiria anaacha chake anachukua cha mwenzake. Kwa miaka niliipita ile rafu kama mtu anavyopita duka la nguo za watoto akiwa hana mtoto. Vitabu visivyo na mtihani, nikijiuliza, mtu anavisoma ili iweje?

Siku moja nikaona pale kitabu cha vibonzo vya Kijapani, kama vile vilivyojaa chini ya kitanda cha binti yangu. Moyo ukaruka. Nikakibeba nyumbani, nikakisoma kwa siku mbili, na nikiri kwamba kilinishangaza. Kwanza shujaa ameshashinda. Kisha anapigana. Kisha anamwogopa adui. Kisha hamjui kabisa, wanapishana tu sokoni. Nikasema huyu mwandishi ana ujasiri! Sisi tulifundisha mbinu rejeshi ya ukurasa mmoja au miwili. Huyu amerudi nyuma kitabu kizima bila kuyumba.

Wakati wa chakula nikakohoa kidogo, kama nilivyokuwa nikikohoa mbele ya kidato cha nne. "Nimesoma kile kitabu chenu. Mwandishi ametumia mbinu rejeshi kwa ustadi wa hali ya juu."

Binti akainua macho kutoka kwenye simu, jambo ambalo halikuwa limetokea mezani kwa miezi. "Ulianzia ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akanitazama kwa huruma fulani. "Baba, hivi vinasomwa kutoka kulia. Umeanzia mwisho."

Mke wangu alipaliwa na maji mpaka nikampiga mgongoni. Mtu mwenye akili angecheka hapo, na pengine mambo yangeisha siku ile ile. Mimi nikaamua kufa na tai shingoni. "Hata hivyo," nikasema, "migogoro imejitokeza." Binti akachukua sahani yake akahamia chumbani.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini nilikutana naye kwenye lifti. Nilikuwa nabishana na dada yangu aliye Tanga kwa simu, nikipiga kelele kama tunavyofanya sote mtu akiwa mbali, kuhusu mbaazi. Mbele yangu alisimama bibi wa Kihindi, sari na viatu vya mazoezi, mkononi fimbo nyeupe. Bila kugeuka akasema, "Mwambie dada yako aongeze nazi."

Kumbe alizaliwa Tanga. Kwao walikuwa na duka la vitambaa, akaolewa huku akiwa msichana, na Kiswahili chake kimebaki kilekile cha Tanga ya enzi hizo, kimenyooka kuliko changu. Macho yake yalikuwa yamebakiza pembeni tu. Katikati, aliniambia, kuna wingu lisilonyesha. Kabla ya hilo wingu alikuwa akimaliza kitabu kila baada ya siku mbili, hasa vya mauaji. Mwanawe alimnunulia mashine ya kusoma vitabu kwa sauti. "Inasoma kama inasoma orodha ya dawa," akasema. "Nikiiambia ngoja, haingoji. Nikiiambia mwongo huyo, haijibu."

Hapo nikajipalia makaa. "Bibi, mimi ni mwalimu wa fasihi."

"Basi Jumamosi, saa nane mchana," akasema lifti ilipofunguka. "Uje na mauaji."

Nilipata mauaji kwenye rafu ya stesheni. Tajiri mmoja amekutwa amekufa kwenye banda la maua, na nyumbani mna wageni saba, kila mmoja ana sababu yake. Nikakiandaa kitabu kile kama nilivyofundishwa kuandaa somo: kufikia Alhamisi nilikuwa nimekimaliza na nimejaza kurasa tatu za nukuu. Nilishaona jinsi habari zitakavyopanda ngazi hadi kwetu, binti asikie kwamba baba yake anasoma riwaya za kisasa na majirani wanamgombania.

Jumamosi nikasoma sura ya kwanza na ya pili. Bibi alikuwa amefumba macho, vidole vimeshikana kwenye mapaja, raha mustarehe. Sura ya tatu akaingia nesi na sinia ya chai. Nikasimama, nikarekebisha miwani.

"Bibi, hapa inafaa tumtazame mhusika huyu kwa makini. Mwandishi anamtumia nesi huyu, ambaye ndiye muuaji, kuonyesha uchungu wa tabaka la chini."

Bibi akafumbua macho. "Ambaye ndiye nani?"

"Muuaji. Tutaliona hilo sura ya ishirini na moja."

Bibi akapapasa mpaka akaipata fimbo yake. "Toka."

"Bibi, lengo langu lilikuwa—"

"Mtu amekufa leo asubuhi, maiti haijapoa, nawe umeshanikamatia muuaji! Hizo kurasa mia mbili zilizobaki nizifanyie nini, nifungie maandazi? Toka!"

Nikatoka. Nikapanda ngazi nimevimba, nikamweleza mke wangu kisa chote nikitegemea anionee huruma. Badala yake nikasikia sauti ngeni kutoka chumba cha pili. Binti yangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akagonga ukuta kwa mkono. Nilikuwa sijamsababishia kicheko kwa muda mrefu sana, na nitasema kweli, hata kama nilikuwa mimi ndiye kichekesho, nilisimama pale koridoni nikisikiliza mpaka kikaisha.

Baada ya majuma mawili nikashuka na bakuli la mbaazi za nazi. Bibi akafungua mlango nusu, akanusa, akanipa masharti kupitia ule uwazi. Kwanza, kitabu kitalala kwake, nisikisome mbele. Pili, nisieleze kitu. "Mwandishi ameshasema," akasema. "Wewe unarudia ya nini? Yeye bubu?"

Tukaanza mauaji mengine, kitabu kipya, na ilikuwa adhabu. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na ndiyo mara ya kwanza kushika kitabu nisichojua mwisho wake. Jumatano nikiwa kazini nilimshuku padri. Ijumaa nikamwomba padri msamaha moyoni, nikamgeukia shangazi. Jumamosi nilifika saa saba na nusu, nikasingizia kwamba saa yangu inakwenda mbele. Alipopatikana muuaji, mimi na bibi tulipiga kelele pamoja, na mtu wa jirani akatugongea ukuta.

Tukaendelea na kila kilichotua kwenye ile rafu. Kitabu cha mapenzi niliona haya hata kukibeba. Nikakifunga kwa gazeti kama tulivyofunga madaftari shuleni, ili abiria wasikione jalada. Nilipofika mahali wale wawili wanafunga mlango, nikafunua kurasa mbili kwa mpigo.

"Umeruka," bibi akasema.

"Sijaruka, bibi."

"Walikuwa mlangoni wamevaa makoti. Sasa wako kitandani wanakunywa chai. Makoti yamevuliwa na nani? Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ninayotumia kutangaza treni iliyochelewa, maana sikuwa na nyingine. Bibi alisema tangu azaliwe hajasikia busu linaloomba radhi kwa usumbufu.

Kitabu cha mapishi tulikisoma kama riwaya, na yeye alibishana na mwandishi mstari hadi mstari. "Mwongo! Bizari nyembamba haiingii hapo!" Jumamosi mbili nzima tulikuwa kwenye dengu, wali hatukuufikia. Kitabu cha mizuka kilinifanya nikatae lifti saa kumi za mchana, nikapanda ghorofa moja kwa miguu huku nikisoma dua zote ninazozijua. Kwenye ushairi ndiko nilikotegemea kurudisha heshima yangu. Nikahesabu mizani kwa vidole, nikatafuta vina, sikuona hata kimoja, nikakasirika, nikatoa hotuba fupi juu ya utovu wa nidhamu wa washairi wa huku. Nilipoinua macho bibi alikuwa amelala, mdomo wazi.

Kisha likaja joka. Kitabu kinene, jalada lile lile nililoliona juu ya mto wa binti yangu. Bibi alikikataa palepale. Wanyama wanaozungumza, alisema, aliachana nao akiwa na miaka saba. Kwa hiyo nikakisoma peke yangu, wakati wa mapumziko, kwa kufuata masharti ya bibi kana kwamba ananitazama. Sikuchungulia mbele. Sikuandika nukuu.

Nilikolelewa mimi joka ni la kuuawa. Ndiyo kazi yake kwenye hadithi. Hili lilikuwa limezeeka, limelilalia yai lake miaka na miaka, na kila msomaji ameshaelewa kwamba yai lile halitaanguliwa. Joka lenyewe bado. Linaligeuza kwa pua kila asubuhi ili upande wa pili nao upate joto. Nililia. Mwanamume mzima, kwenye chumba cha wafanyakazi, juu ya kontena la wali na maharage, nikalilia joka. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia ndiyo, lakini si wa karibu.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Jua lilikuwa bado lipo. Nikagonga chumba cha binti, nikafungua, kitabu mkononi. Akakiona. Akakaa wima kitandani, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau.

Nilitaka kusema, nimelia. Neno ni moja tu, hata mtoto wa chekechea analiweza. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: "Lile joka, unafikiri linawakilisha nini?"

Nikaushuhudia ule uso ukifungwa. "Sijui, Baba. Kwa nini, kuna mtihani?"

Nikasimama koridoni nimekikumbatia kitabu. Iliniuma sana. Ningekuwa nimekataliwa mlangoni ningevumilia. Lakini mlango ulikuwa wazi, furaha nimeiona kwa macho yangu, na aliyeifukuza ni mimi mwenyewe. Mke wangu alipita na nguo za kufua, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mwalimu, siku nyingine uingie bila mwalimu."

Wiki chache baadaye mafua yakanichukua sauti. Haikubaki hata ya kunong'ona, na bibi alikuwa sura ya kumi na nane ya mauaji mengine, mtuhumiwa kafungiwa kwenye ghala. Nikamwandikia binti karatasi ashuke akaniombee radhi. Alishuka saa nane. Nilitegemea dakika tano. Alirudi saa kumi na nusu, akala ndizi, akaingia chumbani.

Jumamosi iliyofuata sauti yangu ilikuwa imerudi. Nilikuwa naifunga kamba ya kiatu nilipoona viatu vyake havipo. Nikampigia bibi simu.

"Pumzika, mwalimu," akasema. "Nimepata msomaji."

"Lakini bibi, mimi nimeshapona."

"Alhamdulillahi, kama mnavyosema. Pumzika tu. Huyu anajua kunyamaza."

Nikavua kiatu. Mwosha huoshwa, niliyezoea kupanga watu wa kwanza hadi wa mwisho darasani nilikuwa nimepangwa wa mwisho kati ya wasomaji wawili. Hilo ningelimeza, hata nikajivuna kidogo: mtoto wangu huyo, nani kamfundisha? Lakini Jumamosi ya tatu mke wangu, akichambua mchele, akaniuliza kama najua anachosoma kule chini.

"Kile cha ghalani, hawajakimaliza?"

"Wamekimaliza zamani. Anamsomea vya kwake. Alivyoandika mwenyewe."

Nikakaa. Nimewahi kuwaonea wivu watu wenye nyumba, wenye magari, wenye nywele. Sijawahi kuona wivu kama ule niliomwonea yule bibi mwenye wingu machoni, ameketi kwenye kiti chake ghorofa moja chini ya miguu yangu, anasomewa na mwanangu.

Juma lililofuata nikashuka na spana. Bomba la jikoni kwa bibi lilikuwa linavuja. Wallahi lilikuwa linavuja, alishalalamika mwenyewe. Mlango ulifunguliwa na binti yangu. Akaitazama spana, akanitazama mimi, halafu akageuka akamwambia bibi, si mimi, "Anaweza kukaa jikoni. Ila mlango ufungwe."

"Mlango ubaki nusu," bibi akasema kutoka kitini. "Jiko langu halina hewa."

Nikaingia chini ya sinki. Tone lilikuwa linaangukia kwenye beseni, tak, tak, nikaweka kitambaa chini yake lisipige kelele. Nikashika nati kwa spana, nikaiacha hapohapo. Sebuleni binti akaanza kusoma. Sauti yake ya kusomea sikuwa naijua. Ilikuwa ya chini, haikuharakisha, na mahali pa kuchekesha haikumkonyeza mtu.

Ilikuwa hadithi ya mwanamume anayesimama kwenye mageti ya stesheni. Anajua treni zote. Anajua ya saa ngapi, inapita wapi, inasimama wapi. Watu wanamjia, na hakuna anayemaliza swali, kwa sababu yeye huwa ameshajibu. Platform kumi. Wanamshukuru, wanakimbia. Ni mtu mwema. Anajivunia kwamba hajawahi kumchelewesha mtu. Siku moja anakuja msichana. "Samahani, nilitaka—" Platform kumi, anamwambia, kwa tabasamu. Msichana anakwenda platform kumi, anasimama kidogo, anarudi nyumbani. Kesho yake anakuja tena. "Nilitaka kuuli—" Platform kumi. Siku ya tatu anakuja bila begi, bila tiketi, hana safari yoyote. Amekuja kumwona yeye. Anasimama mbele ya geti na swali lake, mwanamume anainua mkono kumwelekeza. Hapo binti akanyamaza.

"Anataka kumwuliza nini?" bibi akasema.

"Sijafika."

"Mtoto wewe utanipandisha presha!"

Mimi nilikuwa nimelala chali, kichwa ndani ya kabati kati ya sabuni na chupa za mafuta, spana kifuani. Sikuhitaji kuitafuta dhamira. Ilikuwa imenikalia juu. Kila siku watu wananishukuru pale kazini, na hata mara moja sikuwahi kujiuliza walitaka kusema nini wale niliowakatisha. Na huyu wa nyumbani je, amerudi mara ngapi? Nilijaribu kuhesabu nikashindwa. Nikaifunga nati, maana nilisema nimekuja kuifunga, na kazi ya dakika moja nikaifanya kwa dakika kumi.

Tukaaga. Binti akapita ngazi badala ya lifti, nami nikamfuata nyuma na spana yangu. Katikati ya ngazi akasimama, hakugeuka.

"Ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza."

Akageuka. Akaegemea ukuta, mikono kifuani, akaningoja. Nilikuwa na mambo manne ya kusema. Kwamba lile geti ni taswira nzuri sana. Kwamba si kweli kuwa namkatisha kila mtu. Kwamba treni nyingi wanazoziulizia hazipiti hata platform kumi. La nne lilikuwa anisamehe. Nikaona jinsi alivyoinua mabega, ameshajiandaa kulipokea lolote litakalomwangukia, na nikajua kwamba hata hilo la nne, nikilitoa sasa hivi, litakuwa jibu jingine la mtu ambaye hajaulizwa. Nikayameza yote. La nne nilikuja kumwambia baadaye.

"Halafu?" nikasema.

"Halafu nini?"

"Yule msichana. Alitaka kuuliza nini?"

Akanitazama kwa muda mrefu, akitafuta kama kuna kitu nimekificha nyuma ya lile swali. Sikuwa na kitu. Nilitaka tu kujua, na nilikuwa sijui.

"Sijaandika bado," akasema. Akapanda ngazi mbili tatu, akasimama tena. "Jumamosi usikae jikoni."